Mkono wa Kulia wa Fartun

Kajiado,
4 Juni 2025

Sandra,

Huna haya. Nimeanza na hiyo kwa sababu salamu ni ya mtu mwenye adabu, na adabu yako uliiacha huko Kitengela kwa zile ngazi za saruji tulizokalia. Haya, hujambo. Mimi niko hai, magoti yananiuma, ng'ombe wanakula. Salamu imeisha.

Nani alikutuma unirekodi?

Jana nimeingia dukani kununua chumvi ya ng'ombe, nikasikia mwanamke mzee anapiga kelele huko ndani. Nikafikiri kuna vita. Kumbe ni mimi! Mtoto wa mwenye duka ameshika simu, anacheka mpaka anapangusa machozi, na ndani ya simu niko mimi na shuka langu jekundu, fimbo juu, mdomo wazi kama kiboko. Aliponiona akaificha. Nikamwambia, leta hiyo kitu. Nikaangalia. Mara ya kwanza nilikasirika. Akaifungua tena, na yale maneno yakatoka tena, sauti ni yangu, na mdomo wangu umefungwa. Nilitoka hapo bila chumvi.

Wewe ulikuwa unaangalia simu badala ya mpira wa kikapu, kwa hivyo nikueleze ulichokuwa unarekodi. Ilikuwa mwisho wa kwota ya mwisho. Hao wa Tuala walikuwa mbele yetu kwa pointi moja. Fartun akaangushwa, refa akapiga filimbi, akapewa mitupo miwili ya bure. Huyo mtoto namjua tangu ana meno ya maziwa. Alikuwa anakuja kwangu asubuhi amevaa sandali za babake, tunaangalia Wamarekani kwa televisheni ambayo babako Sironka alinunua, kisha ndio nakamua. Mitupo ya bure nilimfundisha mimi, kwa mdomo tu, mimi ambaye sijawahi kushika mpira. Kunja goti, vuta pumzi, usiangalie watu. Huwa hakosi. Nilikuwa nimewaambia wote waliokaa karibu nasi, huyu ni wangu, huyu hakosi.

Akakosa wa kwanza. Na unajua wakati wa mtupo wa bure watu hunyamaza. Nikasimama katikati ya huo ukimya nikasema niliyosema, kwa Kimaa. Watu wakacheka. Fartun akageuka akaniangalia. Akatupa wa pili, na mpira haukufika hata kwa ringi. Ulianguka njiani kama ndege aliyepigwa jiwe. Tukashindwa.

Ni maneno ya mpira. Kila shabiki husema. Lakini neno la mtu mzima husemwa mara moja, upepo ukalibeba, likaisha. Wewe umelifungia ndani ya kopo, na kila mwenye kidole anafungua.

Usinipigie. Simu nimeizima nikaiweka chini ya godoro. Nilijifunza kuandika kwa ngumbaru nikiwa mtu mzima, na nitaandika. Hii barua nampa Yonis, babake Fartun, akipeleka mbuzi kichinjioni kwenu. Atapitia hapo duka lenu la dawa za mifugo kama kawaida.

Toa hiyo kitu kwa simu. Leo.

Koko yako.


Kitengela,
7 Juni 2025

Koko wangu,

Nakuinamishia kichwa hata kama ni kwa karatasi. Niguse, usinichape. Natumai magoti yamepoa kidogo. Huku baridi imeshika, asubuhi kuna ukungu mpaka huoni ng'ambo ya barabara ya Namanga. Mimi mzima, kazi dukani inaenda.

Koko, pole sana. Sikuwa nakucheka, nilikuwa naringa na wewe. Timu ingine gani Kajiado nzima iko na shabiki kama wewe? Vijana hapa wanakuita Koko wa Mpira. Wananiuliza, "Koko wa Mpira anakuja lini?" Hata kocha wa timu yetu ya Twiga ameniuliza.

Nimeshaitoa. Lakini nikwambie ukweli, kuitoa kwangu si kuitoa kwa dunia. Watu walikuwa wameichukua tayari. Mmoja ameiwekea muziki. Mwingine ameikata akabakisha maneno yako peke yake, yanarudia, yanarudia, bila kuisha. Nimemwandikia aitoe, amenitumia tu vichwa vya kucheka.

Kuna jambo lingine. Nilitaka kukaa nalo, lakini nikilala linanikalia kifuani. Unajua mimi na Fartun tunaishi ploti moja, mlango kwa mlango. Jumapili, siku iliyofuata mechi, alikuja kwangu kunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi. Tukacheka. Juzi nikamwona anafunga ushungi kwa mkono mmoja, ule mwingine umelala tu kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine. Mazoezini jana alijifanya anakimbia tu, hakutupa hata mpira mmoja. Nikamuuliza, akasema, "Nimeulalia vibaya." Lakini Koko, mtu analalia mkono wiki nzima?

Halafu akaniuliza, "Koko bado amekasirika?" Nikamwambia we, Koko akikasirika anamaliza hapo hapo. Hakucheka.

Unajua mimi Kimaa sijui, unanitukana kila Krismasi kwa sababu hiyo. Nilirekodi sauti tu, maana sikushika. Ulimwambia nini?

Mjukuu wako,
Sandra


Kajiado,
9 Juni 2025

Sandra,

Salamu nimepokea. Mimi sijalala vizuri, kama unataka kujua hali yangu. Ng'ombe ile ya paji jeupe imezaa, ndama mzima, jike.

Nilimwambia maneno ya mpira. Umesoma mpaka ukavaa ile kofia bapa ya kumaliza chuo, lugha ya koko yako hujui, sasa unakuja kunihoji kama polisi. Watu wote waliokuwa hapo ni Wakamba na Wakikuyu na watu wa kila mahali, hakuna aliyeelewa. Ni kelele tu. Na hata kama si kelele, laana yetu haishiki Msomali. Wao wako na mambo yao na sisi tuko na yetu.

Nimesoma barua yako tena na naona hilo neno laana hukuliandika. Basi ni mimi nimeliandika. Kalamu haifutiki. Liache hapo.

Huyo mtoto ni baridi imemwingia. Mpake mafuta ya kondoo, usugue kutoka begani kushuka, si kupanda. Mpe supu ya mbuzi, moto. Na mwambie aache ujinga wa kutoka mazoezini na jasho akae kwa hiyo mvuke ya ukungu wenu.

Wamarekani wako kwa fainali yao. Asubuhi nilifungua televisheni, nikakuta mmoja amesimama kwa mstari wa mtupo wa bure, watu wamenyamaza. Nilizima. Sijafungua tena.

Hukusema ni mkono gani. Uliandika habari ya kikombe na ushungi na mapaja, na hukusema ni mkono gani. Kama ni wa kushoto ni baridi. Niandikie upesi. Ni mkono gani, Sandra?

Koko yako.


Kitengela,
12 Juni 2025

Koko,

Mimi sijambo, natumai nawe hujambo na ndama ananyonya.

Ni wa kulia.

Hii barua sikumpa Yonis, nimeipeleka kwa ofisi ya vifurushi pale stendi, na nakuomba jibu lako pia usimpe. Utaona kwa nini.

Juzi usiku nilimpaka mafuta vile ulisema. Nikasugua nikishuka. Nikamwambia, "Hii ni dawa ya Koko." Mkono ukaanza kutetemeka ndani ya mikono yangu, na mwili wake mwingine wote umetulia. Nikamuuliza, "Fartun, wewe unajua Koko alisema nini, ama?" Akaangalia ukuta. Akasema polepole, kwa Kiswahili, kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Alisema, mkono uliotupa huo mpira ukauke kama kijiti cha mti wa oltepesi, usishike tena mpira wala maziwa."

Koko. Kile kikombe kilikuwa na chai ya maziwa.

Nilikuwa nimekaa karibu na wewe, damu yako, na mimi ndiye nilicheka. Yeye mtoto wa Msomali alikuwa mbali, jasho machoni, na ndiye alielewa. Kimaa alikitoa wapi kama si kwa stuli yako, mbele ya televisheni yako?

Tumeenda hospitali. Wamepiga picha ya shingo na bega. Daktari anasema mfupa mzima, na hata mishipa haoni kitu. Amesema arudi aonwe na mwingine. Akamuuliza, "Kuna jambo limekushtua?" Akasema hapana. Mimi nikiwa hapo nikanyamaza, na hiyo kunyamaza inaniuma mpaka sasa.

Babake anajua tu mkono ni mgonjwa. Hajui sababu. Fartun anasema hajui babake atafanya nini akijua, yeye ambaye mbuzi wake wote ananunua kwa Wamaasai, na kila mtu hapo sokoni anamwita ndugu. Sasa fikiria, Koko. Huyo mzee amekuwa akibeba ndani ya mfuko wa shati barua zinazosema habari ya mkono wa mtoto wake.

Fartun anajua desturi kuliko mimi. Anasema aliyesemewa ndiye huenda kuomba, anabeba sukari, anapeleka kondoo, na mzee anamtemea mate ya baraka. Anasema angekuja. Lakini akifikiria mlango wako anaanza kutapika.

Na mimi jana nimeangusha chupa ya dawa ya minyoo dukani. Ilikuwa inateleza. Nafikiri ilikuwa inateleza.

Niambie hii si kitu. Nitukane, niambie si kitu.

Mjukuu wako,
Sandra


Kajiado,
16 Juni 2025

Sandra,

Mjukuu wangu, hujambo. Ona, nimeanza na salamu.

Barua hii nampa Yonis. Usinifokee. Kila wiki ananiuliza, "Hakuna ya Sandra?" Leo nikimwambia hakuna ataniuliza kwa nini, na mimi uwongo wangu umekwisha. Atapita na lori jioni. Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Alikuja asubuhi. Alikuwa amebeba sukari na majani ya chai, na nyuma yake amevuta kondoo. Kondoo mnono, wa mkia. Niliona hivyo vitu vitatu nikajua ni vitu gani, nikashika mlango. Nikasema moyoni, amejua.

Hakuwa amejua. Alikaa kwa stuli ya Fartun, akasema, "Mama, mtoto wangu mkono umelala. Daktari haoni kitu. Sheikh amemsomea. Sasa nimebaki na wewe. Wewe ndiye ulimlea mimi nikiwa njiani na mbuzi. Mbariki, Mama, vile mnafanya kwenu. Hawezi kuja, lakini nimeleta kitu chake." Akatoa ushungi wa mtoto, ule wa kijani wa timu, umekunjwa vizuri. Akauweka kwa mapaja yangu. Kisha akainamisha kichwa, mtu mzima na ndevu zake za hina, akainama mbele yangu akangoja.

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nikafungua mdomo nimtemee, na mdomo ulikuwa mkavu, ulimi kama ngozi iliyosahauliwa juani. Hakuna hata tone. Nilivuta shavu, nikauma ulimi, hakuna. Yeye amengoja tu na kichwa chini. Nikamwambia, "Yonis, niko na homa, rudi siku ingine." Akasema, "Pole Mama," akanifunika miguu na shuka langu. Kondoo amemfunga kwa mti. Analia mpaka saa hii.

Sasa nikwambie, na usijibu hapa. Nilikudanganya. Nilijua anaelewa. Ndiyo sababu nilisema kwa Kimaa. Kama nilitaka wote wasikie ningesema Kiswahili. Nilitaka asikie yeye peke yake, kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu hakosi, na akakosa, na yule mwanamke wa mbele yangu akageuka akacheka, "Huyo ndiye wako?" Ni hiyo tu. Hakuna kitu kingine kikubwa nyuma yake. Ni mpira.

Umeniambia nikwambie si kitu. Siwezi. Mke mwenza wa mama yangu alimwambia mtu neno pale kisimani, wakigombania maji, neno la shingo. Shingo ikapinda. Watu wake wakaja na asali, wakaja na kondoo, wakakuta huyo mama amekufa kwa ukame. Mdomo uliofunga ndio hufungua, Sandra, na huo mdomo ulikuwa chini ya mawe. Mimi nilimwona yule mtu nikiwa mtoto. Alikuwa anatazama bega lake mpaka akazeeka. Mimi sijui niko na miaka mingapi, na siku hizi nikipanda kilima moyo unakimbia mbele yangu.

Na kuna ule mdomo wangu mwingine, ulio ndani ya simu. Mimi nikifa huo hautakufa. Utaendelea kumfunga mtoto, na muziki juu.

Neno lisilo na haki hurudi nyumbani lilikotoka. Nyumba yangu ni babako huko Magadi, na wewe. Ile chupa ilikuwa inateleza. Umenisikia? Ilikuwa inateleza.

Mwambie Fartun aje. Desturi ni aje. Sukari iko hapa tayari, asibebe kitu. Siwezi mimi mzee kwenda kumwangukia mtoto, hiyo haijaonekana. Lakini nitakaa mlangoni. Akifika nitasimama.

Lori linanguruma. Naifunga.

Koko yako.


Kajiado,
27 Juni 2025

Sandra,

Hujambo? Fartun hajambo? Nauliza kama mtu anayeuliza.

Nilikupa barua na hujajibu. Yonis siku mbili za soko hajaonekana. Jana lori lake lilipita hapa barabarani, nikasimama nikainua fimbo. Dereva si yeye, yeye alikuwa amekaa kando. Aliniona. Lori halikusimama.

Mlangoni nimekaa mpaka nimechoka. Hakuna mtu amekuja. Nimetoa simu chini ya godoro, imekufa, na yule mtoto wa dukani sitaki kumpa aichaji.

Ile barua aliifungua? Hata kama habari ni mbaya niandikie. Mbaya naweza. Hii ya kutojua ndiyo inanitafuna.

Hii nimeipeleka kwa vifurushi.

Koko yako.


Kitengela,
29 Juni 2025

Koko,

Nakuinamishia kichwa. Mimi mzima wa mwili.

Fartun amelazwa tangu Jumanne. Si mkono tu. Aliacha kula. Alikuwa anasema mkono wa kulia ndio wa kula, na wa kushoto kwao hauliwi nao, basi atakula na nini? Nilikuwa namlisha na kijiko, anafunga mdomo. Siku hiyo alianguka bafuni. Sasa ana maji ya mshipa. Amekonda, Koko, uso umebaki macho.

Barua yako ya tarehe kumi na sita nimeipata leo.

Yonis aliingia dukani asubuhi. Hakusalimia. Akaiweka kwa kaunta, bahasha haijafunguliwa, imechakaa kwa kona kama kitu kilicholaliwa. Akasema, "Nimekaa nayo. Mimi sifungui barua ya mtu. Lakini simu haina bahasha."

Ilikuwa siku ile ile uliyompa. Alifika kichinjioni, akakuta vijana wanasubiri mbuzi na wanacheka na simu, ile iliyokatwa, inayorudia. Wao hawaelewi. Yeye amenunua mbuzi kwa Kimaa miaka yote hiyo. Alisimama hapo akaisikia mpaka mwisho, ikaanza tena, akaisikia tena. Na barua yako mfukoni. Na asubuhi hiyo alikuwa amekuinamishia kichwa.

Nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye nilirekodi. Nilaumu mimi." Akaniangalia. Akasema, "Mwambie bibi yako sitabeba tena." Kisha akanunua dawa ya mbuzi kama kawaida, akauliza kama ile ya kupe imefika, akaenda. Angepiga kelele ningeogopa kidogo. Alivyouliza dawa ya kupe, nilifunga duka akitoka tu.

Nimesoma barua yako hospitalini, mbele ya kitanda. Fartun alikuwa amelala, ama alijifanya. Nimefika pale umesema aje, desturi ni aje. Koko, hawezi kuja. Hawezi hata kuketi. Unakaa mlangoni unangoja nani?

Sijawahi kukuambia fanya hivi. Leo nakuambia. Nenda wewe.

Wauguzi wanasema Ijumaa wanaweza kumruhusu, akianza kunywa hata uji. Twiga wanacheza tena Jumamosi, hapo hapo. Kocha amemwekea jezi yake kwa benchi, anasema nafasi yake haikaliwi.

Naogopa.

Mjukuu wako,
Sandra


Kajiado,
2 Julai 2025

Sandra,

Umeniamrisha. Mtoto hamwamrishi koko, na ukinifanyia hivyo tena nitakuchapa na ukubwa wako huo. Nimeenda.

Nimeenda jana, siku ya soko, asubuhi wakati kumejaa. Sikumvuta pembeni. Alikuwa ameshika mbuzi kwa sikio, wanaume wamemzunguka, wetu na wao. Nikasimama mbele yake nikasema kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili kila mtu ashike: "Yonis, mtoto wako nimemfunga mimi. Kwa mdomo huu. Kwa sababu ya mpira." Soko likanyamaza, Sandra. Ukimya ule ule wa mtupo wa bure. Hapo ndipo nilijua mtoto alisimama ndani ya nini.

Aliniuliza kitu kimoja. "Mama, ulimaanisha?"

Ningesema hapana. Wote walikuwa wananitegea niseme hapana. Nikasema, "Wakati huo, ndiyo."

Akaachilia mbuzi. Mbuzi akakimbia, hakuna mtu alimfuata. Nilifikiri atanipiga, na ningesimama. Akasema, "Kwetu pia neno la mzee lina meno. Ulilisema mbele ya watu, litatolewa mbele ya watu. Gari liko Jumamosi. Wewe utakaa mbele." Nikamkaribisha chai. Akasema ameshakunywa. Hajanisamehe, nisikudanganye. Kondoo wake nimemrudishia, na juu yake nimeongeza yule ndama jike wa paji jeupe, awe wa Fartun. Mimi ndiye naomba, kwa hivyo mimi ndiye nabeba. Kama haijaonekana, sasa imeonekana. Wazee wengine hapa wananicheka. Wacheke, wamezoea kunicheka kwa simu.

Sasa sikiliza, uache kulia uandike kichwani.

Mwambie kocha kabla ya mechi kuanza, kabla refa hajapiga filimbi, Fartun asimame kwa ule mstari, upande ule ule. Kama hawezi kusimama awekewe kiti. Avae jezi yake. Asitupe mpira, hakuna mtu amwambie atupe. Mimi nitakaa kwanza pale juu nilipokaa siku hiyo, kisha nitashuka ngazi. Nitakuwa na maziwa kwa kibuyu. Nitamtemea kiganjani na kichwani, na nitayasema maneno ya baraka kwa Kimaa na kwa Kiswahili. Yule mwanamke aliyecheka, mkimwona, mwambieni akae pale pale.

Simu yako iwe na moto. Mara hii unirekodi, na usikate. Hata nikianguka usikate. Kisha uipeleke kwa wote waliochukua ile ya kwanza, na huyo wa muziki, na huyo aliyekata. Mwambie Koko wa Mpira amesema aikate hii vile vile, irudie, irudie, mpaka iimeze ile ingine.

Lakini kuna kitu naogopa, na sina mwingine wa kumwambia. Tangu jana nakunywa maji kama ng'ombe wa Magadi, na mdomo bado ni mkavu. Nikisimama mbele ya mtoto na watu wote na mate yakatae tena? Moyo unakimbia hata nikiandika hapa. Na kama nisifike hiyo Jumamosi? Nilisema mdomo uliofunga ndio hufungua. Nimefikiri juu ya hiyo usiku na mchana. Wewe umetoka kwa babako, babako ametoka kwangu. Mdomo wako ni mdomo wangu. Nikikwama, wewe ndiwe utamalizia, na huwezi kumalizia kwa lugha usiyoijua.

Kuna mtu mmoja tu huko anayejua hayo maneno sawasawa. Aliyasikia kila asubuhi kwa nyumba yangu, nikiwabariki ng'ombe nayo kabla hawajatoka, naye amekaa mlangoni na kikombe. Hajasahau, huyo. Anakumbuka kila kitu changu.

Nenda hospitalini sasa hivi, usingoje duka lifungwe. Mpelekee uji. Keti karibu na kitanda, ushike ule mkono wa kulia, na umwambie akufundishe neno la kwanza.

Koko yako.